Chuma, Kanda Ambayo Toussaint wa Rugenge Hakuizima

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Toussaint Kashindi. Toussaint wa mtaa wa Rugenge. Wachache mnamjua kwa sura. Wengi mnamjua kwa kelele.

Toussaint alikuwa mtu wa sono, yaani alikodisha vyombo vya muziki. Arusi, ubatizo, kilio, mikutano ya hadhara, wote walipiga hodi kwake. Na kila mara kabla ya kazi alijaribu bafle zake, yale maspika makubwa, kwa kanda moja tu. Si rumba. Si kwaya. Ilikuwa kanda ya wazungu wanaopiga gitaa kama watu wanaovunja mlango, na nyuma yao mashine za kiwanda zinanguruma. Aliinunua bandarini Kalundu kwa baharia wa boti iliyotoka Kigoma, miaka ya tisini ikiishia. Ganda lilikuwa limechubuka, jina limefutika. Rugenge ikaibatiza yenyewe. Ikaiita Chuma.

Siku ya kwanza ilipopigwa, jirani wa ng'ambo ya barabara, Mama Kankindi, alisikia ule mngurumo akafurahi kweli kweli. Akajitwika beseni la mihogo mikavu, akaja mbio. Alidhani imefunguliwa mashini mpya ya kusaga. Akakuta wamama wengine wameshapanga foleni, kila mmoja na beseni lake. Toussaint alicheka mpaka akakaa chini. Mama Kankindi hakucheka hata kidogo.

"Weye Toussaint! Kelele yote iyi, na haisagi kitu?"

Wasikilizaji wapendwa, tuiseme vizuri hiyo kanda, maana wengi waliitukana bila kuisikiliza. Wimbo wa kwanza unaanza na nyundo. Nyundo peke yake juu ya chuma, taratibu, mpaka unajikuta unaingojea. Kisha inaingia ngoma. Kisha gitaa, zito, linakaa kifuani. Mwimbaji haimbi, anagomba. Anasema neno moja, analirudia, anakataa kuliacha. Upande wa pili una wimbo mrefu ambamo mashine zinazimwa moja baada ya nyingine, na sauti ya yule mtu inabaki inafoka peke yake. Hapo Toussaint alikuwa anafumba macho. Maneno yenyewe hakuyaelewa hata moja. Binti yake Chérie alipopata simu nzuri, akamtafutia jina la bendi na maana ya nyimbo. Mzee akakataa kuambiwa.

"Minye nilishaelewa," alimwambia. "Awa batu bamekasirika, na hakuna muntu wa kubanyamazisha."

Mkewe, Mama Blandine, ndiye aliyetusimulia haya yote. Anasema aliolewa na Toussaint, hakuolewa na Chuma, lakini walimjia wote wawili pamoja. Mwaka ule mto ulipofurika na maji yakaingia nyumbani, mume wake alitoka na kanda mkononi, na godoro likaelea nyuma yake. Blandine alimnunia wiki nzima. Nani angemlaumu?

Kisha ikaja siku ya risasi. Zililia milimani tangu alfajiri. Mchana zikanyamaza, lakini hakuna aliyefungua mlango. Hata kuku walikuwa wamejificha. Mji mzima ulikaa kimya, watu wanaogopa hata kukohoa. Toussaint akavuta bafle moja mpaka mlangoni, akaielekeza barabarani. Blandine akamshika shati.

"Papa Chérie, utatuuwisha!"

"Tumenyamaza ya kutosha," akajibu.

Nyundo ikaanza. Mlango mmoja ukafunguka. Kisha mwingine. Mama Kankindi alikuwa wa kwanza kusimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, anatazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kugombana naye. Jioni ile watu wa Rugenge waliwasha moto, wakapika. Blandine anasema wazi kwamba aliogopa. Anasema pia kwamba tangu siku ile hakumwomba tena mume wake apunguze sauti.

Mwaka huu moyo wa Toussaint ulichoka. Akiwa kitandani hospitalini, alimwomba mkewe jambo moja tu. Siku ya kilio, wapige Chuma. Wapige yote. Jambo moja, wasikilizaji wapendwa, na mama akamwitikia ndiyo.

Lakini kilio kina wenyewe. Kaka mkubwa wa marehemu, Yaya André, maana yaya kwetu ni ndugu mkubwa, mzee wa kanisa, alishuka kutoka Bukavu, akashika mambo. Blandine alipomweleza ombi la marehemu, alikata neno mbele ya ukoo mzima.

"Ile miziki iko ya shetani. Ndugu yangu atazikwa na kwaya."

Akazikwa na kwaya. Iliimba vizuri, tusiseme uongo. Blandine hakubisha, na watu wakadhani yameisha. Hawakumjua.

Mnajua desturi ya kutoa kilio, yaani kufunga matanga. Mjane anakaa chini kwenye mkeka. Mkubwa wa ukoo wa mume anamshika mkono, anamwinua, mjane anavuliwa kitambaa cheusi, ndipo sufuria zinafunguliwa na watu wanarudi makwao. Asiposimama, kilio hakijatoka. Siku ilipofika, uwanja ulijaa, turubai limefungwa, fufu ya mihogo na ndagala, dagaa wetu, viko tayari. André akanyoosha mkono.

"Mama Chérie, simama."

"Sisimami, yaya. Toussaint aliomba kasete yake."

"Batu bako na njaa."

"Minye pia niko na njaa."

Uwanja ukaanza kunong'ona. Shangazi mmoja akaja kumbembeleza, mwingine akaja kumkemea. Blandine alikaa palepale, miguu ameinyoosha, macho makavu. Kumvunjia shemeji heshima mbele ya watu si mchezo. Lakini aliona aibu kubwa zaidi kumdanganya marehemu.

André akainama, akasema kwa sauti ya chini. Na hapo ndipo alipotoa neno lililokuwa linamchoma, kumbe halikuwa shetani.

"Baba yetu alitumika mu kiwanda ya sukari. Zile mashini zilimuuwa masikio. Alikufa kiziwi. Na Toussaint akaleta kelele ya namna ileile mu nyumba! Minye nikiisikia, naona baba."

Blandine akamtazama.

"Yaya, weye ulikuwa Bukavu. Minye ndiye nilikuwa napikia baba. Hukuona alikuwa anakaa wapi. Alikuwa anakaa pa bafle, mukono juu yake. Kwaya ilikuja kumuimbia, hakusikia kitu. Toussaint akipiga Chuma, baba alikuwa anafuata nyundo na kidole, anacheka. Ni miziki moja tu ilikuwa inamufikia."

André alibaki ameinama. Watu wa nyuma hawakusikia walichosemezana, waliona tu mzee anajifuta uso. Kisha akanyooka.

"Piga," akasema.

Chérie akaunganisha waya. Nyundo ikagonga juu ya uwanja wa kilio. Wanakwaya wakabeba vitabu vyao, wakatoka, lakini hawakuvuka ua. Mama Kankindi alilia kwa sauti, na hakutaka mtu amshike. André alisimama mikono kifuani, uso umekunjamana. Hakuipenda. Hakujifanya anaipenda.

Upande wa kwanza ukaisha. André akanyoosha mkono tena.

"Aya. Simama sasa."

Blandine hakuushika. Akamgeukia binti yake.

"Geuza."

"Si tumemaliza?" André akauliza.

"Alisema yote, yaya."

Wasikilizaji wapendwa, sufuria zinapoa, ukoo mzima unatazama. Mzee André wa Bukavu alivua viatu, akaketi kwenye mkeka kando ya mjane, akangoja upande wa pili. Mashine zikazimwa moja moja. Ile sauti ikabaki inafoka peke yake. Ilipokatika, ni Blandine aliyesimama kwanza, na ni yeye aliyempa shemeji yake mkono kumwinua.

Kwako Mama Blandine, kwako Chérie, kwako Yaya André, na kwa ukoo wote wa Kashindi, poleni sana. Msiba wenu ni wetu.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kuna mtu wako anapenda kitu ambacho hukielewi. Pengine unamwonea aibu. Siku utakapomzika, utamzika yeye, au utamzika yule uliyetaka awe?

Chérie ametuazima kanda. Wakubwa wetu wa redio wamesema tupige kidogo tu, tena kwa sauti ya chini, wasikilizaji wasije wakakasirika. Délice, fundi wetu, uko tayari? Basi pandisha. Na ukimaliza, geuza.