Vestina Kokushubira na Magego ya Watoto wa Kamuli

Habari ya kahawa iliyotafunwa shuleni ilisimuliwa kwanza na baba mkwe wa marehemu, Mzee Athanasi, siku ya Jumapili, tarehe 3 Januari 1993, hapa hapa Kamuli, mbele ya ukoo, kwa kuwa alitaka ijulikane kosa lilianzia wapi, na familia imeona isomwe leo kama alivyoieleza.

Marehemu Vestina Kokushubira alizaliwa tarehe 14 Mei 1956 huko Kamachumu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Melkiory na Mama Kokugonza, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari mjini Bukoba hadi Novemba 1974, na walimu wake walimkumbuka kama binti ambaye hakufuta kosa kwenye daftari, bali alilikata kwa mstari mmoja ili libaki linaonekana.

Mwezi Agosti 1978 aliajiriwa kuwa muuguzi msaidizi Nkwenda, na vita vilipoanza miezi miwili baadaye alihudumia familia zilizokimbia makwao, wala hakuomba uhamisho. Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa takatifu na Desderius, mkulima wa kahawa na migomba wa hapa Kamuli, na Mungu akawajalia watoto watatu, Placidius aliyezaliwa mwaka 1981, Kemirembe mwaka 1985, na Elpidius mwaka 1988. Kati ya mwaka 1982 na 1984 alisomea utabibu wa meno huko Mbeya, akarudi Nkwenda na cheti, koleo na kioo kidogo cha kutazamia kinywani, na kwa miaka mitano kazi yake ikawa kung'oa, maana mgonjwa hakufika mpaka shavu limevimba.

Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na kwa sababu hiyo wazazi wengi huku kwetu hulidhani ni la utoto. Mwaka 1989 Placidius alipoanza kulia jino, mama yake akiwa kazini juma zima, Mzee Athanasi alimtuliza mjukuu, akasema, "Jino la utoto hilo, litaanguka lenyewe, lingine litakuja." Vestina aliporudi alikuta gego limeoza hadi kwenye mzizi, akaling'oa kwa mkono wake, akalifunga katika kitambaa, akamwonyesha mzee, akamwambia, "Baba, hili halina mwenzake wa kuja."

Tangu hapo alitaka jambo moja tu, kuyawahi magego ya watoto kabla hayajatoboka, na mwaka 1991 mradi mmoja wa wafadhili ulipoleta unga wa kuziba vifereji vya juu ya gego, mahali ambapo chakula hunasa na uozo huanzia, aliomba upewe mkondo mmoja wa darasa la kwanza katika shule ya kijijini kwetu. Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1991, kuanzia saa moja asubuhi, aliwalaza watoto kumi na tisa juu ya dawati, mmoja baada ya mwingine, akasafisha magego mawili ya chini, akayakausha kwa pamba, akakoroga unga na maji yake, akaukandamiza kwa kidole alichopaka mafuta, akaagiza kila mtoto asitafune kitu kigumu mpaka kesho yake, na mwalimu akalirudia agizo hilo mbele ya darasa, ila wazee hawakuambiwa.

Saa nane mchana Mzee Athanasi na wazee wenzake walifika na kikapu cha kahawa ya kutafuna, buni ngumu zilizokaushwa, kumshukuru mke wa ukoo wao kwa desturi yetu ya kumpokea mgeni, wakaanza na yeye. Vestina alitazama kahawa, akatazama watoto, na mkaza mwana hasukumi mkono wa baba mkwe mbele ya watu, akapokea, akatafuna. Mzee akasema, "Na hawa madaktari wadogo nao wapate," kikapu kikazunguka, na watoto waliomwona Mama Meno, kama walivyomwita, akitafuna wakatafuna, isipokuwa Kantengwa, binti wa jirani yetu Nyiransabimana, wa jamii ya wafugaji, ambaye kwao kahawa haitafunwi, akafumba kinywa huku wenzake wakimcheka, "Mtoto wa maziwa huyo!"

Machi 1992 walikuja wakaguzi wawili wa mradi, wakaona unga kwenye magego sita tu kati ya thelathini na manane, wakaandika kuwa kazi imeshindwa. Marehemu aliwasihi wahesabu matundu, kwa sababu unga ukivunjika juu huacha mabaki chini ya kifereji, nayo huendelea kukinga, naye mmoja akamjibu, "Dada, sisi tumetumwa kuhesabu unga." Akasema, "Basi mmetumwa vibaya." Unga ukapelekwa kwingine, na jioni ile aliandika katika daftari lake, "Kahawa: kosa langu," akaliacha bila kulikata.

Hakuacha. Kila mwezi Machi alirudi na kioo chake, na mwaka 1997, katika magego thelathini na manne aliyoyapata, ishirini na tisa hayakuwa na tundu, ilhali katika idadi kama hiyo kwenye mkondo wa pili, uliokosa unga, kumi na tisa yalikuwa yameoza. Aliwaandikia wenye mradi barua tatu, na mpaka leo hakuna iliyojibiwa.

Julai 1997 aligundulika kuwa na kansa ya titi, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena Januari, na Jumanne, tarehe 17 Februari 1998, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa Nkwenda, majirani waliopokezana kumlinda, na Nyiransabimana, aliyeleta maziwa kila asubuhi kwa miezi saba. Pumzika, Mama Meno, amani uliyonyimwa na barua zile uipate kwa Mungu.

Mzee Athanasi alifariki mwaka 1995, akiwa ameomba radhi. Kati ya watoto kumi na tisa, Fidele alifariki kwa malaria mwaka 1994, mmoja alihamia Uganda kupitia Murongo na tunasikia ni mzima, na kumi na saba waliobaki wako hai na wapo hapa, Kantengwa akiwa ameshika msalaba mbele yetu, ana miaka kumi na minne, na magego yake yote mawili hayana tundu.