Picha ya Neno Mwalimu

OPERETA: Tanga, pokea simu ya posta Lushoto. Haya mama, sema. Muda wenyewe mfupi.

NATHANAELI: Haloo? Nani mwenzangu?

DORKASI: Dorkasi wa Gare. Mke wa kaka yako.

NATHANAELI: Ah! Shikamoo, shemeji.

DORKASI: Marahaba. Kumbe shikamoo hujaisahau.

NATHANAELI: Shemeji, nilitaka nipande huko tangu matanga, ila ofisi hii—

DORKASI: Sikukupigia uje. Jumatatu ile Tobia alipoteremka kwako alibeba picha zote alizochorea kisomo chake cha watu wazima. Wewe ndiye uliyemwita. Ukasema ofisi ya elimu itazichapa kitabuni, kila kijiji kijifunze kwa picha. Akirudi, lori likapinduka kwenye kona za Mombo. Sanduku la maiti nililipokea. Picha sikupokea.

NATHANAELI: Aliziacha kwangu. Kweli.

DORKASI: Nazitaka.

NATHANAELI: Kitabu kimeshatoka, shemeji, nitakutu—

DORKASI: Nimekiona. Maneno matupu.

NATHANAELI: Karatasi ni adimu siku hizi. Wakubwa wakaona picha zinakula nafasi.

DORKASI: Juzi kaja mkaguzi. Kaandika ubaoni JEMBE. Mzee Shabani kimya! Yeye aliyelisoma neno hilo hata gizani, kwa sababu Tobia alimchorea jembe lake mwenyewe, lile la mpini uliopinda. Kaandika MWALIMU. Darasa zima likaitika, "Tobia!"

NATHANAELI: [anacheka] Tobia?

DORKASI: Usicheke. Kando ya neno hilo alijichora mwenyewe. Ndivyo walivyolishika. Mkaguzi kasema Gare ujinga haujafutwa.

NATHANAELI: [laini inakwaruza] ...pole sana, she—

DORKASI: Nipe hiyo moja. Nyingine bakini nazo. Unajua nyumbani hatuna picha yake hata moja. Kila nilipomwambia twende kwa mpiga picha, alisema mchoraji hapigwi picha. Sasa mwanetu Fanueli jana kaniulizia baba yake, "Mama, tate alikuwa na ndevu?"

NATHANAELI: Kaka hakuwa na ndevu.

DORKASI: Najua hakuwa na ndevu! Nimwonyeshe nini mtoto?

NATHANAELI: Shemeji... zile zilikuwa karatasi za mifuko ya saruji.

DORKASI: Naam. Mimi ndiye niliyezikung'uta vumbi. Kwa hiyo?

NATHANAELI: Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja. Wakaja mafundi rangi. Wakayaona yale makaratasi pembeni—

DORKASI: Wakayafanya nini?

NATHANAELI: Wakayatandika chini. Rangi isidondokee sakafu.

DORKASI: Wakapita juu yake.

NATHANAELI: Hawakujua.

DORKASI: Wewe ulijua. Ulikuwa wapi?

NATHANAELI: Siku ile kazi zilikuwa—

DORKASI: Ulikuwapo?

NATHANAELI: [laini inakwaruza] Haloo? Haloo? Sikusikii vizuri.

DORKASI: Unanisikia. Ukuta mliupaka rangi gani?

NATHANAELI: Nini?

DORKASI: Nimeuliza ukuta mliupaka rangi gani.

NATHANAELI: Kijani. Kijani mpauko.

DORKASI: Umependeza?

NATHANAELI: Shemeji, tafadhali...

OPERETA: Mama, malizia.

NATHANAELI: Sikiliza, mwalimu mwingine ataletwa. Labda baada ya mavuno, nitalisukuma mimi mwe—

DORKASI: Usisukume kitu. Nafundisha mimi.

NATHANAELI: Wewe? Si umejulia kusoma hapo hapo kisomoni?

DORKASI: Hapo hapo.

NATHANAELI: Na picha utapata wapi? Kuchora hujui.

DORKASI: Sijui. Nina chaki.

NATHANAELI: Haya, wasalimie wote, mwambie na Fanueli baba mdogo—

DORKASI: Fanueli atakaa mbele. Darasa ni leo saa kumi. Nitaandika MWALIMU. Wakisoma Tobia, nitasema sawa.

OPERETA: Muda umekwisha.