Kumuaga Mwalimu wa Milima Miwili

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Afisa wa Elimu uliyetujia kutoka Kisii mjini, Chifu wetu, Mwalimu Mkuu Bwana Onyiego pamoja na walimu wote, Mzee wa Kanisa Zachariah Machogu, Padri uliyekuja kutoka Mosocho na ujumbe wako, wanabodi, wazazi wenzangu, wanafunzi wetu wapendwa, na zaidi ya wote mwenye siku yake, Mwalimu Ruth Nyakerario: bwakire buya, habari za asubuhi.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Orpah Nyabuto, mwenyekiti wa wazazi wa Shule ya Msingi ya Riamanoti, mkulima wa chai, na mhazini wa lile kanisa mnaloliona pale juu lenye spika kubwa kwenye paa. Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Mwalimu Mkuu amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijasimama, nami nimeiona, ni saa nzuri.

Ndugu wageni, waliotangulia kusema wametusomea mambo mengi mazuri kuhusu Mwalimu Nyakerario, vyeti vyake, vikombe vyake na alama za wanafunzi wake, na mimi sina la kupunguza hapo. Lakini mwalimu anapostaafu, je, tumkumbuke kwa vikombe peke yake? Vikombe viko ofisini kwa Mwalimu Mkuu, vinapanguswa wageni wakija. Mimi nataka niwakumbushe mwaka ule wa korona, kwa sababu katika mwaka ule ndipo mlima huu ulipomjua mwanamke huyu ni nani.

Mnakumbuka shule zilivyofungwa mwezi wa tatu, ghafla, watoto wakarudi nyumbani na mabegi yao tukidhani ni mambo ya wiki mbili. Tukafunga makanisa, tukafunga masoko, tukanawa mikono mpaka ikapauka. Mheshimiwa, wewe ulituletea barakoa zenye picha yako, na tunashukuru, tulikuvaa mdomoni mpaka rangi ikaisha. Kisha tukasikia kwamba watoto watasomea nyumbani, kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao. Lilikuwa neno zuri. Lakini nyumbani kwa nani? Upande wetu wa mlima simu zilikuwa zile ndogo za mulika mwizi, zenye tochi bila mtandao, redio ilikuwa inangoja betri, na televisheni ilikuwa kwa Chifu. Mwalimu Nyakerario alifungua kundi la WhatsApp la darasa la nane, na waliojiunga walikuwa yeye mwenyewe, Mwalimu Mkuu, wazazi wachache wenye bando, na mtu mmoja wa Eldoret ambaye mpaka leo hatujui alitokea wapi.

Mwalimu mwingine angesema, nimejaribu, mshahara unaingia, tungoje serikali. Nani angemlaumu? Yeye alisimama hapa uwanjani akatazama mlima wa pili, ng'ambo ya mto, ambako ndiko wengi wetu tunaishi, akaona kila boma, kila mlango, kila kamba ya nguo. Ninyi mnaoijua nchi yetu mnafahamu: kutoka hapa mpaka kwangu kwa miguu ni kuteremka mpaka magoti yalie na kupanda mpaka kifua kilie, lakini kwa macho ni hapo tu. Akageuka akaziona spika za kanisa letu, zimenyamaza tangu ibada zisitishwe. Jioni hiyohiyo akaenda kwa Mzee Machogu kuomba ufunguo.

Wageni wetu, Mwalimu ni Mkatoliki wa Mosocho, tena wa kwaya. Sisi huku ni Wasabato. Baraza la kanisa likakaa, kila mtu mbali na mwenzake kama ilivyoamriwa, kujadili kama inafaa. Kuna waliokuwa na maneno marefu. Mzee Machogu aliwasikiliza wote, kisha akampa Mwalimu ufunguo na sharti moja, kwamba asiguse kinanda.

Basi Jumatatu asubuhi spika zikalia. Sasa niambieni, kwetu spika ya kanisa ikilia Jumatatu asubuhi, mtu hufikiri nini? Mlima mzima ulitoka nje. Mume wangu alikuwa ameshachukua jembe na sepetu akachimbe kaburi, akiuliza ni nani ametuacha, na jirani yetu mmoja alikuwa ameanza kulia kwa sauti ili asionekane amechelewa. Ndipo tukasikia: "Darasa la nane, habari za asubuhi. Fungueni kitabu cha hisabati." Jirani yule alimaliza kulia polepole, kwa heshima.

Lakini kusema ni nusu ya kufundisha. Mwalimu angejuaje kama ameeleweka, na watoto wako ng'ambo? Hapo ndipo alipoleta ule utaratibu ambao hata Afisa wa Elimu alikuja kuutazama. Kila mtoto awe na vitambaa viwili. Akielewa, atundike cheupe kwenye kamba ya nguo. Asipoelewa, atundike chekundu. Mwalimu akiuliza, anangoja, anatazama mlima, anahesabu rangi, ndipo anaendelea au anarudia. Na sisi wazazi tulikuwa katikati ya chai tukichuma na kusikiliza. Nawaambia ukweli, mimi niliacha shule nikiwa sijui kujumlisha sehemu, na nilijifunzia pale kwenye mistari ya chai, kikapu mgongoni.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Ijumaa. Mwalimu alifundisha sehemu, akauliza kama wameelewa, akainua macho: mlima umejaa wekundu, kutoka mtoni mpaka kileleni. Akarudia. Akatazama, wekundu umeongezeka. Akarudia tena kwa mifano ya machungwa na ndizi, na kila alivyorudia ndivyo wekundu ulivyozidi. Mwishowe tukamsikia kwenye spika, sauti imemlegea: "Watoto wangu, nimewakosea nini?" Ikabidi mtu ateremke, avuke mto, apande, akamwambie, Mwalimu, leo ni siku ya maandalio. Wasabato wanafua kabla ya jua kuzama, na hayo unayoyaona ni mablanketi. Tangu siku hiyo Ijumaa ikawa siku ya kusoma insha tu, bila vitambaa. Padri, tafadhali usimcheke mtu wako.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta hapa mbele. Ninalolisema nimelipatia ruhusa. Mama Bochaberi yule pale, mstari wa mbele, mwenye kilemba cha buluu, ni jirani yangu, ua kwa ua. Nilikwenda kwake juzi nikamuuliza, niseme au nisiseme? Akaniambia niseme yote, tena nisimpunguzie, kwa sababu akisema yeye atalia.

Mama Bochaberi alikuwa akimlea mjukuu wake, Lavender. Lavender alikuwa darasa la nane, na kwa hesabu hakuwa na mwenzake, si darasani tu, hata ofisini. Kitambaa chake cheupe kilikuwa kinatoka kabla ya vyote. Lakini mwezi wa saba, binti ya Mama Bochaberi anayeishi Kisii mjini, Damaris, alijifungua, akawa hana wa kumsaidia, na kazi ya dukani inamngoja. Akamwomba mama yake ampe Lavender amshikie mtoto, kwa muda tu, mpaka shule zifunguliwe. Shule zitafunguliwa lini? Hakuna aliyejua. Lavender akaenda. Sisi wazazi tunaijua safari hiyo ya "kwa muda tu". Ni wasichana wangapi wa milima hii waliokwenda kushika mtoto wa mtu kwa muda tu, tukaja kusikia kwamba nao wanashika wa kwao?

Mama Bochaberi aliogopa jambo moja: kwamba Mwalimu ataona kamba tupu, atamwita Lavender kwenye spika, na milima yote miwili itajua kwamba mtoto ameondolewa masomoni. Kwa hivyo akawa anatundika kitambaa yeye mwenyewe. Mwalimu akiuliza, mmeelewa? Mama Bochaberi anatundika cheupe, anakwenda zake kuchuma chai. Mimi niko ua wa pili na sikujua lolote, nilidhani Lavender anasomea ndani.

Lakini Mwalimu huyu hakuwa anatazama rangi peke yake. Aliona kwamba kitambaa cha Lavender kimeanza kutoka haraka mno, wakati mwingine kabla swali halijaisha. Asubuhi moja akafundisha tena sehemu, akasema kwa sauti imara kabisa: nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano. Mmeelewa? Kikatoka chekundu kimoja, kikatoka cha pili, halafu vikatoka kila mahali, kwa sababu watoto walikuwa wamefundishwa, walijua kwamba hapo Mwalimu amekosea. Katika wekundu wote ule kulikuwa na boma moja lenye kitambaa cheupe, kinapepea, kimeridhika kabisa. Boma la yule mtoto ambaye angemsahihisha hata mkaguzi.

Mwalimu alizima spika. Angeweza kuuliza palepale, na mlima mzima ungejibu. Aliteremka mpaka mtoni, akavuka, akapanda, na alipofika kwetu viatu vyake vilikuwa vya matope matupu. Alimkuta Mama Bochaberi mlangoni. Mimi nilikuwa kwenye chai yangu, karibu kabisa, na sitasema nilikuwa sisikilizi.

Mama Bochaberi hakujitetea. Alisema tu, "Mwalimu, nakuomba usimtaje kwenye spika."

Mwalimu akamjibu, "Sitamtaja, mama. Ila kesho usiniambie umeelewa."

Akanywa chai aliyopewa, akarudi. Hakutisha na Chifu, hakutaja polisi wala sheria. Kesho yake akafundisha, akauliza, na kwenye boma la Mama Bochaberi kikatoka chekundu. Mwalimu akasema, "Kuna mmoja hajaelewa. Tunarudia. Nitakungoja." Akarudia somo lote tangu mwanzo. Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata vilevile. Watoto walinung'unika, wazazi tukanung'unika, watu wakaanza kuulizana ni nani huyo asiyeelewa, na kwa kuwa kamba yetu na ya Mama Bochaberi ziko karibu, wakakata shauri kwamba ni mwanangu Jasper. Jasper hajawasamehe mpaka leo. Na kila asubuhi sauti ile ya upole ikavuka mto: nitakungoja.

Ninyi mnaweza kustahimili kungojwa hivyo kwa siku ngapi? Wiki haikuisha. Mama Bochaberi alivaa viatu vya kanisani, akafunga mlango, akaenda Kisii mjini. Binti yake alilalamika sana, na haki alikuwa nayo kidogo, kwani kazi ya mtu ni kazi. Mama Bochaberi akamwambia, "Nimechoka kungojwa. Nipe wote wawili." Jioni tukamwona anapanda mlima, Lavender mbele amebeba begi, na yeye nyuma na mtoto mchanga mgongoni. Mchanga huyo akamlea mwenyewe mpaka mama yake alipopata nafasi, na ninafurahi kuwaambia kwamba mtoto yule amerudi kwa bibi yake, sasa yuko gredi ya kwanza hapahapa, na ndiye aliyekuwa anapiga kelele wakati Mheshimiwa anahutubia.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alifundisha, akauliza. Kitambaa cheupe kikatoka kwa Mama Bochaberi, bila haraka, baada ya swali kuisha. Mara hii Mwalimu hakurudia. Akasema neno moja, "Tuendelee." Mwezi wa kumi darasa la nane walipoitwa warudi, Lavender alikuwa wa kwanza kufika langoni, na mtihani aliufanya kama tulivyotarajia.

Mwalimu Nyakerario, mimi nimekaa na watu wengi wenye sauti kubwa, na mume wangu atakubali kwamba nami nimo. Wewe ulipewa sauti iliyofika milima miwili, na ulijua la kusema ndani yake na la kuliacha. Ungemtaja mtoto yule kwa jina siku moja tu, tungekuwa na aibu na pengine tusingekuwa na mtoto. Kwa hilo mimi nakupenda, na nalisema mbele ya watu hawa wote. Unarudi Mosocho kwa migomba yako na kwaya yako, nasi tumefurahi kwa sababu umemaliza vizuri, ingawa asubuhi ya Jumatatu itakuwa ngumu kwetu.

La mwisho, ndugu zangu. Wengi mmeniuliza tangu asubuhi, mbona Lavender hayupo? Lavender anasomea ualimu, na muhula huu yuko Nyamache, anafanya mazoezi ya kufundisha. Alikuwa ameshaomba ruhusa, amepata na gari la kumleta. Jana jioni Mama Bochaberi akampigia simu, nikiwa nimekaa naye, akamuuliza darasa atamwachia nani. Lavender akasema watoto watakaa na kazi ya ubaoni mpaka kesho yake. Mama Bochaberi akamwambia, "Basi usije. Kaa nao. Mwalimu ataelewa." Kisha akakata simu, akajipangusa macho kwa leso.

Nawashukuru kwa uvumilivu wenu, Mwalimu Mkuu sasa anaweza kuificha saa yake. Asanteni nyote kwa masikio yenu, na Mungu awabariki.