Ananie Syauswa, Mnyoosha Migongo wa Mususa

Marehemu Kasereka Syauswa Ananie alizaliwa Kipese, tarehe 14 Machi 1961. Baba yake Ésaïe na mama yake Bénite walikuwa wakulima wa viazi na watu wa kanisa.

Shule ya msingi aliisoma Kipese, ya sekondari Butembo. Mwaka 1984 alipata diplome ya kiné, kazi ya kutibu viungo kwa mikono, akatumika hospitalini Beni. Mwaka 2004 alikwenda Kampala kwa mafunzo mengine, akarudi na fundisho moja: bega linaweza kuuma kwa kosa la mguu, kwa hiyo mwili unyooshwe wote pamoja, na mgonjwa mwenyewe afundishwe upya kusimama na kutembea. Mwaka 2006 alifungua chumba chake cha kazi nyumbani, katika mtaa wa Mususa, Butembo.

Alifunga ndoa na Agar Kavuo huko Beni, tarehe 16 Julai 1988. Mama Agar ameruhusu tuseme ukweli: alikuwa na wivu, ule unaofukuza usingizi. Kazi ya hospitali hakuiona kwa macho. Lakini chumba cha Mususa kilipakana na jiko lake, akawa anasikia kila neno.

Aliyemchoma zaidi alikuwa Joyeuse, mwanamke wa Kamango aliyepindika mgongo kwa kubeba mizigo ya kakao. Kila alipokuja, Ananie alimwambia taratibu, "Acha kichwa ipande yenyewe. Sikia miguu chini. Sasa pumua." Mama Agar, akikoroga bugali, alijiuliza ni lini yeye alisemeshwa kwa sauti ile. Siku Joyeuse alipotoka chumbani amenyooka, anacheka, Mama Agar alifunga nguo zake, akapanda motokari kwenda Beni kwa kaka yake Esdras.

Ananie alimfuata kesho yake. Esdras aliwakalisha sebuleni, akauliza, "Dada, huyu bwana alifanya nini?"

"Banamuke ya Butembo bote anabashika mugongo," alisema Mama Agar. "Yangu je?"

"Lakini haukuniambiaka kama inauma," Ananie alijibu.

"Mugongo haiumi. Roho ndiyo inauma."

Ananie alitandika blanketi pale pale mbele ya shemeji yake, akamlaza mke wake, akaweka viganja chini ya kichwa chake. Mama Agar anasema alikaza shingo kwa hasira mpaka akachoka. Alipoiachilia, machozi yalitoka, na mume wake hakuondoa mikono.

Mama Agar alirudi Mususa. Tangu hapo kila asubuhi Ananie alianza na mgongo wa mke wake kabla ya kumfungulia mtu mwingine mlango. Wivu haukuisha. Mama Agar alihamishia cherehani yake chumbani mle, akashona huku akilinda, na baadaye wagonjwa walimwogopa kuliko mwalimu wao, kwa maana alipiga kelele kutoka kwenye kiti: "Magoti! Hapana kukaza magoti!"

Mwezi wa Juni 2024 marehemu alipooza upande wa kuume. Vijana aliowafundisha kazi yake walikuja kusaidia kumgeuza kitandani; Mama Agar aliwarudisha mlangoni. "Huyu ni wangu," alisema. Alimgeuza peke yake mpaka mikono yake ikamshinda, na hapo yeye mwenyewe akamwita Joyeuse. Wanawake hao wawili walimhudumia pamoja, mmoja kichwani, mwingine miguuni.

Ananie alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, asubuhi.

Jana kilioni wanawake aliowanyoosha walijaa uwanja wakilia kwa nguvu. Mama Agar alisimama, akawaambia, "Mulie, lakini mulie polepole. Bibi yake ni mimi." Kisha akasogea kwenye mkeka, akamwachia Joyeuse nafasi ya kukaa kando yake.

Anaacha mjane, Mama Agar Kavuo, watoto, Débora, Manassé na Victoire, wajukuu, shemeji yake Esdras, na wengi wanaotembea wima.

Bwana ampokee, amlaze kwa amani.