Ada Nililipa Mimi, Sifa Akapata Beatrice

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi wenye wivu. Mimi ni Kwamboka wa Nyaramba, mke wa Ombati, na leo Sabato nimesimama kusema jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkilisema nyuma yangu. Mlisema kweli. Nilikuwa na wivu, na si wivu wa mume. Nilimwonea wivu Beatrice, mke wa shemeji yangu, kwa sababu ya mzee.

Miaka hii ya tisini ilipoanza, mama mkwe alifariki, na baba mkwe akapooza upande mmoja. Nani angemwogesha? Ombati alikuwa akipakia malori Keroka, anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Shemeji alikuwa bandarini Mombasa na mkewe Beatrice. Nikabaki mimi, na chinsoni mnaijua, ile heshima yetu: mke wa mwana hamgusi baba mkwe, haingii anakolala, hamtazami usoni. Basi tukampeleka kwa masista wa Kikatoliki wanaotunza wazee, upande wa Keumbu. Watu walicheka, eti Wasabato wamewapa mapadri mzee wao. Ada ilitoka kwenye majani chai, na majani chai niliyachuma mimi, mvua inanyesha, mgongo unauma, kikapu mgongoni.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kulipa. Nikishalipa nasimama mlangoni, nainamisha macho, namsalimu mzee. Yeye anageukia ukutani, anaitikia, basi. Sista anapokea ndizi zangu, narudi nyumbani.

Halafu anakuja Beatrice, sikukuu kwa sikukuu. Yeye amelelewa Mombasa, mila zetu hazijui. Aliingia moja kwa moja, akakaa kitandani kwa mzee, akamshika mkono, akamlisha halua. Mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka! Tangu siku hiyo wazee wenzake wakawa wananiuliza mimi, niliyeshika risiti mkononi, yule binti mzuri wa Mombasa atarudi lini. Sweta niliyomnunulia mzee Kisii, kwa duka la Mhindi, aliigawa kwa mzee wa kitanda cha pili. Ya Beatrice aliivaa hata jua likiwaka. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu aliugua.

Ndugu zangu, wivu unakula mtu akiwa hai. Nilikuwa nafundisha watoto wa Shule ya Sabato somo la upendo, na kichwani naomba basi la Beatrice liharibike Voi. Nikichuma chai naiona halua. Nikilala namwona amekaa pale kitandani, amejiachilia, anacheka.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Chai yote ikapukutika, vikabaki vijiti. Miezi ikapita bila ada. Masista walivumilia sana, lakini nao walikuwa na wengine wa kulisha, wakatuomba kwa upole tumchukue mzee. Ombati akasema tumwandikie ndugu yake. Nikamwambia, "Ukiandika Mombasa, mimi narudi kwetu." Afadhali mzee akose kitanda kuliko Beatrice apate na sifa ya kulipa ada. Hapo ndipo shetani alikuwa amenifikisha.

Mzee akaletwa, tukamweka katika nyumba yake. Ombati akawa anamwogesha mwisho wa wiki. Siku nyingine alikuja Mokaya, jirani yetu, naye ni mzee. Jumanne moja Mokaya akateguka mguu, hakuja. Nikasimama nje na beseni la maji moto. Harufu inatoka, nzi wanaingia, na ndani namsikia mzee analia polepole, hataki nimsikie. Unajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba Beatrice angekuwa ameshaingia. Hata hapo, wivu! Nikapiga magoti kwenye matope, nikasema, "Bwana, nimeshindwa."

Ndipo mzee akaniita kwa jina. Tangu niolewe hakuwahi kulitamka.

"Kwamboka, mwanangu, ingia. Mimi nimekuwa mtoto, na mtoto hana chinsoni."

"Tata, baba yangu, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Njoo, maji yatapoa."

Nikaingia. Nikamwogesha. Akaniambia, uso bado ukutani, "Beatrice ni mgeni, namwacha afanye anavyojua. Wewe ndiye uliyeshika boma langu. Nisingeweza kukutazama usoni kama mtu wa kupita tu." Ndugu zangu, mzee alikuwa ananipa heshima kubwa aliyokuwa nayo, na mimi niliihesabu chuki, mwezi baada ya mwezi. Nililia nikimkausha miguu. Habari ya sweta sijauliza mpaka leo.

Ombati aliporudi nilimwambia mwenyewe aandike Mombasa. Beatrice akaja, na ada ya miezi iliyopita akaileta. Akaingia, akakaa kitandani kama kawaida yake, mzee akacheka. Nikaungoja ule wivu. Sitawadanganya, ulikuja. Lakini Bwana alinipa mdomo wa kusema, "Beatrice, shika upande ule, tumgeuze, tumwogeshe."

Beatrice akarudi nyuma mpaka ukutani. Akasema, "Dada, mimi sijawahi. Mimi namlisha tu. Nilikuwa naogopa kuuliza." Nikamfundisha. Mzee akamwambia, "Mkono wa Kwamboka ni mzito kama jembe, lakini unafika." Hiyo ndiyo sifa niliyoililia miaka yote. Ilipokuja, ilinikuta nacheka, na Beatrice anacheka, maji yametumwagikia sote wawili.

Namshukuru Mungu. Mzee amerudi kwa masista, na ada tunalipa pamoja. Nawe uliyeketi hapa, unamwonea wivu ndugu yako, usingoje upone ndipo umwite. Mwite ukiwa bado unaumwa. Mtumaini Mungu kwa hilo moja tu. Mimi nilimwita Beatrice nikiwa bado simpendi, na Bwana akafanya mengine.