Yale Tuliyoyaandika Kuhusu Sista Hodi

Mgeni rasmi, Mama Mkuu wa Wauguzi, pamoja na Matroni wetu na wakubwa wote mlioongozana naye:

Sisi wagonjwa wa wodi ya mifupa, upande wa wanaume, tunakukaribisha kwa mikono miwili, isipokuwa mwenzetu wa kitanda namba mbili, ambaye kwa sasa anakukaribisha kwa mmoja. Tungesimama, lakini miguu mingi imetundikwa. Anayekusomea ni katibu wetu, Fundi Cherehani wa kitanda namba sita. Tulimchagua kwa sababu ana mwandiko mzuri na hana pa kukimbilia.

HISTORIA YA WODI

Mama, mfupa si mafua. Ukiletwa hapa unakaa wiki sita, nane, kumi. Kwa hiyo vitanda kumi na sita vimegeuka ukoo: tuna babu, tuna watani, na tuna wawili wasiosemeshana kwa sababu ya dirisha.

Fundi Cherehani alianguka kutoka kwenye ngazi akipima mapazia ya mteja. Alipofika alidhani, kama sisi sote, kwamba mgonjwa anahitaji dawa tu, mengine ni madaha. Siku ya pili akahitaji chombo cha haja. Akiwa katikati ya shughuli, muuguzi wa zamu ile akavuta pazia, vuu! Mbele yake alikuwa amesimama mama mkwe wake, aliyekuja kumjulia hali. Mgeni rasmi, mkwe ni mkwe. Fundi alijifunika shuka usoni, na hapo sipo palipohitaji kufunikwa.

MAFANIKIO

Ndipo tukaletewa Sista Hodi. Jina lake halisi mnalo ofisini. Hili tumempa sisi. Husimama nje ya pazia na kusema, "Hodi, baba." Asipoitikiwa, hungoja.

Mara ya kwanza Fundi alidhani anaitwa mtu mwingine.

"Karibu," akasema kwa wasiwasi.

"Nimekuja na sindano. Itauma kidogo, sitakudanganya. Leo tuchome upande gani?"

Fundi alilia, Mama, wala si kwa sindano. Wiki tatu watu walikuwa wakimgeuza kama godoro, na huyu anamuuliza upande.

Babu wa kitanda namba kumi, dereva wa lori mstaafu, alikuwa akificha vidonge chini ya mto. Wengine walimgombeza. Sista Hodi akaketi, akamuuliza kwa nini. Kumbe vilikuwa vinamkwama kooni! Akamwombea kwa daktari dawa ya maji, na siku hizi Babu anakunywa bila kesi.

CHANGAMOTO

Hapa katibu anaomba anywe maji kwanza.

Mwezi uliopita mlituletea tena fomu za maoni. Sisi na fomu tuna yetu. Muuguzi wa kwanza tuliyemsifu kwenye fomu alipandishwa cheo ndani ya mwezi, sasa anapanga mafaili. Mafaili hayana vidonda, Mama. Basi tukafanya kikao, kila mtu kitandani kwake.

"Jamani, tukimsifu tu, wanamchukua," alisema Babu. "Kizuri chajiuza."

"Basi tumponde," akasema Mwalimu wa kitanda namba tisa. "Nani atamtaka muuguzi mbovu? Watatuachia hapa hapa."

Tulimpigia makofi Mwalimu, wenye mikono kwa mikono, wengine kwa kugonga vitanda. Fundi akaandika fomu zote kumi na sita, sisi tukatia dole gumba. "Anaongea mno." "Anacheka kazini." "Anakawia mno kwenye kitanda kimoja." "Anapiga hodi utadhani amekuja kuposa." Hiyo ya mwisho Fundi aliionea fahari.

Waliosema akili nyingi huondoa maarifa walituona kwa mbali. Matroni alipata malalamiko kumi na sita dhidi ya mtu mmoja, naye akafanya kama kazi inavyomtaka. Sista Hodi amepewa barua. Jumatatu anaondoka hapa, anapelekwa stoo ya mashuka.

MAOMBI

Mama Mkuu, tunaomba fomu zile zichanwe. Ni uongo mtupu, na mwandiko ni mmoja, mtu angeutazama vizuri angeshtuka. Fundi yuko tayari kuadhibiwa, mradi adhabu isiwe ya kutembea. Tunaomba Sista abaki. Cheo mpeni, ila mpeni akiwa humu humu.

La mwisho halikuwa kwenye rasimu, lakini Fundi amekataa kunyamaza. Tangu apate barua, Sista hacheki. Anavuta pazia, anachoma, anaondoka. Juzi Fundi alimuuliza, "Sista, mbona siku hizi hupigi hodi?"

Akajibu, "Nimeambiwa inawasumbua, baba. Nisameheni."

Tulikuwa kumi na sita tunasikia, na hakuna aliyemwambia ukweli. Tuliona aibu, Mama, na bado tunaiona.

Tumewahi kulalamika hapa kuhusu bomba, kuhusu choo, kuhusu kitasa cha mlango. Hayo yalikuwa ya kweli, na hadi leo hayajatengenezwa. Tukaandika uongo mara moja tu, na mtu mmoja akausoma, akauamini, akajirekebisha siku ile ile, kwa sababu ulitoka kwetu. Ndiye yule mlangoni, mwenye trei. Hakujua tulichopanga kukuambia. Tafadhali, kabla hujaijibu risala hii, mgeukie yeye kwanza.

Mungu akupe afya, akuepushie ngazi mbovu, na siku ukilazwa akupe muuguzi kama wetu.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Wodi ya Mifupa, Wanaume,
vitanda namba moja hadi kumi na sita, safari hii kila mtu ametia sahihi kwa mkono wake, na asiye na mkono mzima ameshikiwa.