Wazungu Wamekataa Viti Vyetu

Nangurukuru, pale barabara ya Kilwa Masoko inapochepuka kutoka ile ya Dar, kuna banda la Fundi Tomaso, na mbele ya banda kuna benchi. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi lililopinduka Somanga. Kinakaa watu wanne, watano wakipendana. Kila jioni Fakihi hutua hapo birika lake la kahawa na kashata zake, na kuanzia hapo nchi hii huendeshwa na sisi, Serikali ijue isijue. Wenyewe ni watatu. Yupo Haruna, tunayemwita Tume, maana hata kuku akipotea yeye hutaka iundwe tume. Yupo Cletus, anayenunua korosho, jina lake Bei Huria. Na nipo mimi Ismael, niliyeacha shule darasa la tano kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Mimi wananiita Profesa, na sijawahi kukata rufaa.

Jioni ile jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya banda, Tomaso akatoka uso umemvimba.

— Wamekataa, alisema.

— Nani tena? aliuliza Haruna.

— Wale Wazungu wa ndege. Wamekataa viti vyetu.

Tulisimama wote. Kashata ya Cletus ilianguka mchangani na hakuiokota, na Cletus si mtu wa kusamehe kashata.

Kwa asiyejua, nieleze. Ulaya huko kuna watu wazima, wenye wake na vitambi, ambao wakitoka kazini hukaa sebuleni mbele ya kompyuta wakarusha ndege. Si ndege ya kweli, ni ya kwenye kioo, lakini ina saa zote na vishikio vyote, na ukizembea inaanguka na wewe. Sasa kundi lao moja limeamua kuijenga upya, humohumo kwenye kioo, ile jeti ya zamani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye injini nne zimebanana mkiani, ambayo siku hizi hairushwi na mtu. Mmoja anatengeneza mabawa, mwingine mlio, mwingine rangi. Tomaso naye ana kompyuta ya mtumba, ile yenye kisogo. Aliwaandikia kwamba marehemu baba yake, Alfonsi wa Rondo, alikuwa mhudumu ndani ya jeti hiyo. Wakamwachia chumba cha abiria akijenge yeye, na wakamwambia anaweza kumsimamisha humo mhudumu mmoja. Hakuuliza mara mbili mhudumu atakuwa nani.

Tabu ni kwamba baba yake alikufa Tomaso akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Anayo picha yake moja tu, ya siku ya kipaimara, na hapo Alfonsi mwenyewe ni mtoto. Ndipo akatugeukia sisi. Kwa nini sisi? Kwa sababu benchi zima tulipanda jeti ile, na wote tulihudumiwa na Alfonsi. Mimi nilipanda mara mbili. Anayebisha aje benchini.

— Wamekataa kiti kipi? Haruna alifoka.

— Vyote. Wanasema hakuna ndege duniani ambayo viti vyake vinatazamana kama vya treni.

— Hakuna? Cletus alijipiga kifua. Mimi nilikaa nikatazamana na bwana mmoja wa Uganda mpaka nikamaliza kumhesabu meno! Leo aje mtu wa sebuleni aniambie nilitazama ukuta?

— Wamekataa na jiko la mkaa.

Hilo lilikuwa la Haruna, na Haruna akageuka mwekundu, mtu mweusi vile.

— Kahawa ya mle ilikuwa ya moto! Ilichemka kwa nini, kwa hasira? Fakihi, wewe ndiye mtaalamu, sema.

— Bila mkaa hiyo si kahawa, alisema Fakihi akijaza vikombe. Ni maji yaliyoona moshi kwa mbali.

— Umesikia! Na wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake mgeni akija, mwenyeji ajitahidi apone, akimbie!

— Na wamekataa madirisha ya kufungua, Tomaso alimalizia, macho chini.

Hapo sasa walinigusa mimi. Madirisha nilikuwa nimeyatoa mimi, kwa hiari yangu, bila malipo.

— Tomaso mwanangu, nilisema, tulipopita juu ya Kilwa Kisiwani nilitoa mkono nikampungia shangazi yangu. Shangazi yupo hai, kamuulize.

— Alikuona?

— Shangazi haoni vizuri. Lakini alihisi.

— Haya mambo yanataka tume, alisema Haruna. Tume huru. Watu wawili kutoka benchini, mmoja kutoka Ulaya, na yule wa Ulaya asipige kura.

— Tume ya nini? Cletus alikuwa ameshapanda juu ya benchi. Hamjaona mchezo? Huu ni ubinafsishaji! Wameanza na mashamba ya mkonge, wakaja kwenye viwanda, wakaja kwenye mabenki. Vyote vimekwisha, sasa wanabinafsisha tulivyokumbuka. Leo wanakataa viti. Kesho watasema abiria wote walikuwa wao. Keshokutwa watamweka Alfonsi awe mtu wa Uswisi!

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nilisema. Ndiyo maana viti vya ndege vinalala.

— Profesa, hiyo inaingiaje?

— Ingia nayo taratibu, utaielewa nyumbani.

Haruna alimshika Tomaso bega.

— Hebu nikuulize. Kwenye dunia ya hiyo kompyuta yao, sisi tupo? Kilwa ipo?

Tomaso alikuna kichwa.

— Nairobi ipo. Dar ipo. Kilwa... ni rangi ya kijani tu.

— Na Lindi?

— Lindi ni maji.

Jamani. Niliwahi kuona watu wamekasirika, niliwahi kuona mnada wa korosho umevunjika na mizani ikatupwa shimoni, lakini sijawahi kuona hasira kama ile. Cletus alishuka benchini, akapanda tena, akashuka.

— Maji! Lindi nzima! Hata kwenye ndege ya uongo kusini tunatoswa! Barabara tukangoja, daraja la Rufiji tukangoja, sasa hata kwenye mchezo wa watu wenye vitambi tunaambiwa tungoje, tena ndani ya maji!

— Wanajua wanachofanya, Haruna alisema kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyeishika siri ya Serikali. Wakishatufuta kwenye ramani yao, watauza anga yetu. Utatoka nje asubuhi, unainua kichwa utazame kama kuna mvua, anakuja mtu na risiti: ndugu, umetazama juu, lipia.

— Hayo madogo, nilisema. Nyinyi mnadhani ile ndege ni ya kioo tu. Nani kawaambia? Mlio ni mlio. Mzungu anapowasha injini nne kule sebuleni kwake, mtikisiko lazima utokee mahali. Kwao hautokei, kwao kuna mazulia. Unatokea huku. Mwaka huu mikorosho ya Rondo imepukutisha maua yote, mabwana shamba wanasema ni ugonjwa, ubwiri, ubwiri. Ubwiri gani? Ni jeti!

Nilijua nimewapata. Hata Fakihi aliacha kumimina akatazama juu.

— Mimi sitaki ugomvi nao, Tomaso alisema. Viti nitavigeuza, jiko nitalitoa.

— Na madirisha?

— Na madirisha, Profesa, nisamehe. Wanafunga kazi. Basi la kutoka Lindi likipita jioni hii napanda na diski yangu, kesho niwahi mtandao Dar niwatumie. Baada ya hapo jeti inagawiwa dunia nzima na hakuna kubadili tena. Viti si vyangu, waviweke watakavyo. Ninachotaka ni baba tu asimame sawasawa. Kila atakayeirusha ndege ile, popote alipo, akitembea mle ndani atamkuta yeye. Na mimi nitamkuta. Sijawahi kumkuta mahali pengine. Basi niambieni, alikuwaje?

Alivuta meza ya kompyuta mpaka mlangoni, kioo kikatutazama. Kweli, mle ndegeni, katikati ya njia, alisimama mtu, sura bado haijakolea.

— Alikuwa mrefu, alisema Cletus. Kichwa kinagusa dari.

— Mrefu yupi? Haruna alidakia. Alipita chini ya mkono wangu nikiwa nanyoosha viungo!

— Basi mrefu au mfupi? aliuliza Tomaso.

— Ndege ikipanda watu hurefuka, nilisuluhisha. Hiyo ni sayansi. Cletus alimwona juu, Haruna alimwona tumeshatua.

Tomaso hakucheka. Aliandika urefu wa kati. Kila tulichosema alikipeleka mle ndani, kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto shati: tabasamu alilonalo Cletus kichwani, tai ya Haruna, na viatu vya kung'aa, ambavyo nilivitoa mimi.

Tukiwa hapo likasimama lori lililotoka Lindi, akashushwa mama mmoja na kikapu chake. Alijitanda kanga mbili, vumbi limempaka mpaka kope. Tomaso aliruka.

— Mama! Shikamoo.

— Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unamrudisha baba yako, nikaona nisihadithiwe.

Alikuwa Lusia, mjane wa Alfonsi, kutoka Rondo. Tulimwamkia wote, tukampisha kwenye benchi, hakukaa. Alikuwa anatazama kioo.

— Bado hajamalizika, mama, Tomaso alisema. Lakini hawa wazee wananisaidia. Hawa ndio wale niliokwambia, walipanda ndege ya baba. Aliwahudumia wote.

Mama alitugeukia. Ningependa kusema alitutazama kwa shaka, ningejua la kufanya. Hakuwa na shaka hata chembe. Uso wote ulimfunguka.

— Nyinyi! Toka Jumuiya ivunjike natafuta mtu aliyepanda ndege ile. Nimeuliza kanisani, nimeuliza hospitali, Rondo nzima hayupo. Kumbe mpo hapa njiani mnakunywa kahawa!

— Tupo, mama, alisema Haruna, lakini kidogo.

— Alfonsi alikuwa wa mkono wa kushoto. Tangu utoto. Na wasafiri walikuwa wananung'unika, na haki yao, kwetu nani anampa mtu chakula kwa mkono wa kushoto? Wengine wakikataa kupokea, yeye anasimama na sinia, aibu imemjaa. Akaja likizo ya mwisho, akaniambia, Lusia, nataka nijifunze wa kulia. Tukapanga vigoda sebuleni, viwiliviwili, njia katikati. Wakakaa mashemeji, mama mkwe kiti cha mbele. Mimi nikamfunga mkono wa kushoto mgongoni kwa upindo wa kanga, akapita na vikombe vya maji. Siku ya kwanza alimwogesha mama mkwe.

Alicheka mwenyewe. Tomaso alikuwa anamsikiliza mdomo wazi. Naona hata yeye hakuwahi kuambiwa.

— Likizo nzima tulifanya hivyo. Mpaka anaondoka mkono bado unamtetemeka. Akasema, nikiweza nitakuletea habari. Akafika Nairobi, akafanya kazi miezi, akaugua, nikaletewa sanduku. Habari hakuna. Sasa nyinyi Mungu kawaleta. Niambieni. Aliweza? Alipowapa, aliwapa kwa mkono gani?

Jenereta lilinguruma. Mbuzi wa mtu alipita.

— Mimi, mama, alisema Cletus, siku ile ilikuwa Kwaresima. Nilifunga. Sikupokea kitu.

— Mimi nililala, alisema Haruna. Usingizi wa ndege mbaya sana.

Mtu wa kudai tume, sasa alikuwa anakitazama kiatu chake kama kimeandikwa kitu.

Kutoka upande wa Lindi taa za basi zilitokea. Tomaso alikuwa amerudi kwenye kompyuta, kidole juu ya kitufe. Kwenye kioo baba yake alisimama katikati ya viti, mikono yote miwili chini, na sinia linaelea mbele ya kifua chake bila mshikaji.

— Profesa, Tomaso aliniita. Wewe ulipanda mara mbili.

Mama Lusia akanigeukia. Sijawahi kukosa neno mimi, tangu nizaliwe. Nilikuwa na la kulia tayari mdomoni, na la kushoto nilikuwa nalo, yote mazuri, yote yana ushahidi. Nikayatazama macho ya yule mama, nikanyoosha kikombe changu.

— Fakihi, nikasema, hebu niongezee kahawa, kama haijakwisha.

Fakihi alilishika birika kwa mkono wake, akalitikisa tusikie lilivyojaa, akalirudisha juu ya mkaa.

— Kahawa ipo, Profesa. Mjibu mama.